TAHARIRI: CHUPA YA MAJI MEZANI PA MKRISTO




Mwishoni mwa kiangazi kilichopita timu ya Haki na Amani ya parokia ilikwenda kuendesha semina ya siku mbili katika kigango kimoja cha mbali. Mada ilikuwa haki ya maji. Kabla ya kuondoka tulipakia garini katoni kumi na mbili za maji ya chupa kwa ajili ya wawezeshaji na viongozi, kwa kuwa tulikwisha kuonywa kwamba maji ya kule si ya kuaminika. Tulipofika, mama mmoja mzee, mjane, ambaye nyumba yake i jirani na kanisa la kigango, alituletea jagi la maji na vikombe viwili juu ya sinia, akapiga magoti kwa desturi ya kwao, akatukaribisha. Nilimshukuru kwa maneno matamu, nikamwambia asijisumbue, kwani maji tunayo. Nikainua chupa yangu kumwonyesha. Mama yule akasema, "Haya, Baba," akaondoka na sinia lake.

Baadaye katekista alinieleza kwamba maji yale yalikuwa yamechemshwa tangu jana yake na kuchujwa kwa kitambaa cheupe, na kwamba ndoo yalimotoka ilikuwa imefuatwa usiku, kwa kupanga foleni muda uzidio saa nne. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kufungua semina, na somo nililolichagua lilikuwa la mwanamke Msamaria kisimani.

Sisimulii haya ili kujipiga kifua mbele ya watu. Nayasimulia kwa sababu tangu siku ile baadhi ya wanahalmashauri wamekuwa wakiniuliza swali ambalo hapo awali nililiona dogo, la kuchekesha hata: Je, Mkristo anywe maji ya chupa? Na parokia inunue maji hayo kwa fedha za sadaka? Swali hili si dogo kama nilivyodhani, na jibu lake halipatikani kwa kusema "ndiyo" au "la" tu.

Tuanze na lililo wazi. Kunywa maji ya chupa si dhambi kwa lenyewe. Maji ni kiumbe cha Mungu yakiwa mtoni, mtungini au chupani. Mimi mwenyewe nimewahi kubatiza kwa maji ya chupa katika kijiji ambacho kisima kilikuwa kimekauka, na ubatizo ule ulikuwa halali kabisa, maana Kanisa hudai maji halisi, halidai yametoka wapi. Tusiwatwike waamini mizigo ambayo Bwana hakuwatwika.

Wapo ndugu zetu wa ng'ambo waliokwisha kulitolea swali hili tamko. Mwaka 2006 Kanisa la Muungano la Kanada, ambalo ni la Kiprotestanti, liliwasihi waumini wake waepuke kununua maji ya chupa, kwa hoja kwamba maji ni zawadi ya wote na haifai yageuzwe kuwa bidhaa ya kuwatajirisha wachache. Mwaka uliotangulia, maaskofu Wakatoliki wa Brazili na wa Uswisi, pamoja na Makanisa mengine ya nchi hizo, walikuwa wametoa tamko la pamoja kwamba maji ni haki ya binadamu na ni mali ya umma. Tunawaheshimu. Walakini hatuwezi kunakili neno kwa neno yale ya Kanada. Mtu wa Toronto akiiacha chupa, hugeukia bomba la jikoni mwake, akakinga maji safi usiku na mchana. Mama wa huku kwetu akiiacha chupa, anageukia nini? Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea mikoani, na kabla hakijatulizwa miaka mitatu baadaye kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 30,000 katika nchi hii. Anayemnunulia mgonjwa wake chupa ya maji wakati kama huo anatimiza wajibu wa upendo.

Iko pia hali ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida, ambako katika sehemu nyingi maji ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi. Wengi wetu tunawafahamu vijana wenye meno ya rangi ya kahawia, na wazee ambao mifupa yao imepinda na kukakamaa. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Nchi yetu, kwa kukosa namna, ilijiwekea kwa miaka mingi kiwango cha muda cha miligramu 8. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuchemsha hakusaidii hapo. Kuchemsha huua vijidudu, bali floraidi hubaki yote, na maji yanapopungua kwa mvuke yale yaliyobaki huzidi kuwa makali. Mzazi wa maeneo hayo anayejinyima ili mtoto wake mdogo anywe maji yasiyo na floraidi asihukumiwe na mtu yeyote, hata na timu ya Haki na Amani.

Baada ya kusema hayo, tusijifiche nyuma ya wagonjwa na watoto. Wengi wetu tunywao maji ya chupa hatunywi kwa sababu ya kipindupindu wala floraidi. Tunakunywa kwa sababu ya heshima. Tazama sherehe zetu: jubilei, Upadrisho, Kipaimara, hata mazishi. Meza kuu imefunikwa kitambaa, na mbele ya kila mgeni imesimama chupa ya maji, hata kama chini yake kuna soda. Wanakwaya walioimba tangu asubuhi wanaelekezwa kwenye pipa lililo nyuma ya sakristia, lenye kikombe kimoja kilichofungwa kwa mnyororo. Chupa imekuwa cheo. Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo la namna hii hii, kwamba katika kusanyiko la Bwana kila mmoja alitangulia kula chakula chake, huyu akibaki na njaa na yule akilewa, na wasio na kitu wakiaibishwa (1 Kor 11). Chakula cha matajiri wa Korintho hakikuwa haramu. Kosa lilikuwa kwamba mbele ya altare moja palikuwa na meza mbili.

Hebu tupige hesabu. Madukani kwetu chupa ya nusu lita inauzwa shilingi 500. Kwa bei hiyo lita 1,000 zingegharimu shilingi 1,000,000. Kwenye kioski cha maji cha mtaa, ndoo ya lita 20 ni shilingi 50, yaani shilingi 2,500 kwa lita 1,000. Kiangazi kikikaza, kioski hukauka na wenye mikokoteni huuza ndoo ile ile kwa shilingi 500. Mlalahoi basi hulipa shilingi 25,000 kwa kiasi kile kile. Maji ya chupa huzidi bei ya kioski mara mia nne. Najua kwamba ndani ya bei hiyo yamo malipo ya mitambo, chupa, usafiri, kodi na mshahara wa wafanyakazi, nao ni ndugu zetu wanaotafuta riziki halali, kama walivyo vijana wanaokimbiza mabasi stendi na boksi begani. Sigombani nao. Lakini katoni kumi na mbili tulizopakia garini, kila moja ya chupa ishirini na nne, ziligharimu fedha ambazo kwenye kioski zingenunua ndoo zaidi ya elfu mbili, hata tukiuhesabu punguzo la bei ya jumla. Niliifanya hesabu hiyo usiku, baada ya semina, nikairudia mara mbili nikidhani nimekosea.

Wala tusidhani kwamba kila kilichofungwa kwa kizibo ni safi kuliko vyote. Machi 2004, huko Uingereza, kampuni ya Coca-Cola iliondoa sokoni chupa zipatazo 500,000 za maji yake ya Dasani baada ya kugundulika kuwa na kemikali ya bromati kupita kiwango kilichoruhusiwa. Na maji yenyewe yalikuwa yametoka katika bomba la mji, yakasafishwa na kutiwa chupani. Kwetu, chupa zilizookotwa na kujazwa upya gizani si habari ngeni kwa msafiri yeyote.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko bei ni hii ifuatayo, nami nawaomba viongozi wa walei waisome polepole. Bomba la kijiji likiharibika, nani husema likasikika? Mwalimu mkuu, mganga, mtendaji, mfanyabiashara, padre. Hawa wana simu za wakubwa na wanajua milango ya ofisi. Zamani bomba likikauka, kiu iliwapata hawa sawa na wengine, na kwa hiyo kelele ilipigwa. Siku hizi kila mmoja wao ana katoni chini ya kitanda. Kiu haiwafikii tena. Wamejitoa, kimya kimya, katika mateso ya wenzao, bila kumdhulumu mtu wala kuvunja amri yoyote wanayoijua. Nimehudhuria vikao vya wilaya vya kujadili shida ya maji ambamo kila mjumbe alikuwa na chupa mbili mbele yake, nami nikiwamo. Kikao cha namna hiyo huahirishwa kwa urahisi sana.

Mfalme Daudi aliwahi kujikuta katika hali ya kutamani maji mazuri. Alikuwa ngomeni, na Wafilisti walikuwa wameishika Bethlehemu. Akatamani kunywa maji ya kisima kilichokuwa langoni pa mji wa kwao. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya maadui, wakayateka, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamwaga mbele ya Bwana, kwa kuwa aliiona ndani yake damu ya watu waliohatarisha maisha yao (2 Sam 23:13-17). Nilipokuwa seminarini nilikiona kitendo hicho kuwa cha ajabu kidogo, kama si cha ukorofi: watu wameteseka, nawe unamwaga! Sasa naona kwamba Daudi aliuliza swali ambalo sisi hatuliulizi kabla ya kunywa, yaani maji haya yamemgharimu nani. Mimi, mbele ya mjane yule, nilifanya kinyume chake kabisa. Maji yaliyobeba jasho lake niliyakataa bila kuuliza chochote, nikanywa yale ambayo hayakunigharimu hata mimi, maana yalilipiwa na sadaka.

Naye Bwana wetu pale Sikari alifanyaje? Alifika amechoka, hana chombo cha kutekea, akamwomba maji mwanamke wa kabila ambalo Wayahudi hawakushirikiana nalo vyombo (Yn 4). Aliyeumba mito aliomba kikombe. Mazungumzo yote yale makubwa juu ya maji ya uzima yalianza kwa kuwa Yesu alikubali kuwa na kiu mbele ya mtu mnyonge. Angekuja na maji yake, mwanamke yule angeteka yake na kwenda zake. Wahenga wetu nao walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona kwa nini, ikiwa mgeni amekuja na kila kitu chake?

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili hayana utata. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mungu ameiweka dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote. Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, uliotolewa mwaka 2004, unasema kwamba maji, kwa asili yake, hayawezi kutendewa kama bidhaa nyingine yoyote. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mtu kwa sababu uhai wake unayategemea, na kwamba ulimwengu una deni kwa maskini waliokosa maji. Tuzingatie neno hilo, deni. Mwenye kulipa deni hajisifu kwamba ametoa msaada. Na karne nyingi kabla ya hayo, katika kitabu cha Maombolezo, watu walioshindwa vitani walihesabu miongoni mwa fedheha zao kwamba maji yao wenyewe waliyanywa kwa fedha (Omb 5:4).

Mataifa nayo yamelisema. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalotambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 zilijizuia kupiga kura. Miongoni mwa hizo 41 zilikuwamo Tanzania na Kenya, jambo ambalo sijapata kulisikia likielezwa jukwaani. Wakenya walau waliandika haki hiyo katika Katiba yao mpya iliyozinduliwa mwezi uliofuata. Katiba yetu ya mwaka 1977 haiitaji waziwazi.

Nchi yetu haikuanza vibaya. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini, wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo 1991. Mwaka huo ulipofika, pampu nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukosa dizeli na vipuri, na sera mpya ikaja ikimtaka mwananchi achangie gharama. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yakakabidhiwa kwa kampuni ya City Water yenye wabia wa kigeni. Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Tangu Julai 2019 maji ya vijijini yako chini ya wakala, RUWASA, pamoja na vyombo vya watumia maji vya ngazi ya jamii. Kazi inayofanyika sasa ya kumtua mama ndoo kichwani, kama inavyosemwa, tuipongeze inapostahili. Lakini chombo cha watumia maji ni watu, na watu hao huchaguliwa na mkutano wa kijiji, na fedha za kila ndoo huishia mikononi mwao. Ni Wakristo wangapi kati yetu wamewahi kusimama na kuomba wasomewe hesabu za maji? Kwenye mkutano wa harusi tunadai hesabu hadi ya shilingi mia.

Liko swali moja la mwisho, ambalo limeletwa na wajumbe wa kamati ya uchumi. Parokia ina kisima kirefu kilichochimbwa kwa msaada wa wafadhili. Maji yake yamepimwa na ni mazuri. Kwa nini basi tusiyatie chupani, tukayauza kwa jina la mtakatifu msimamizi wetu, tupate fedha za kuezeka kanisa? Mawazo haya yametolewa kwa nia njema na sitaki kuyabeza. Bati la kanisa linavuja, nami ndiye ninayelowa. Kutoza kiasi cha kuendesha pampu na kuitengeneza ni haki, na bila hivyo kisima kitakufa kama vilivyokufa vya zamani. Lakini kisima kile kilitolewa kwa ajili ya watu wa mtaa huu, na foleni yake asubuhi bado inafika barabarani. Isaka alipochimba visima, wachungaji wa Gerari waligombana naye kwa viwili vya kwanza. Akaviacha, akachimba cha tatu, akakiita jina lenye maana ya nafasi, kwa kuwa sasa palikuwa na nafasi ya wote (Mwa 26). Siku foleni yetu itakapokwisha kwa sababu kila nyumba ina maji, kamati ilete tena hoja yake, nitaisikiliza. Kabla ya hapo, msimamo wangu ni hapana.

Halmashauri ya parokia, katika kikao chake kilichopita, imekubaliana mambo machache. Maji ya chupa hayatanunuliwa tena kwa fedha za parokia kwa ajili ya vikao, semina na sherehe, isipokuwa kwa wagonjwa, wasafiri wa mbali, au panapokuwa na mlipuko wa maradhi. WAWATA wamejitolea kusimamia mitungi miwili yenye bomba, maji yakiwa yamechemshwa, na meza kuu itakunywa kutoka katika mitungi hiyo sawa na kwaya. Fedha zitakazookolewa zitawekwa katika mfuko wa vipuri vya pampu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo itateua mtu mmoja wa kuhudhuria mkutano wa kijiji au mtaa na kuuliza habari za mapato na matumizi ya maji.

Na chupa tupu zilizokwisha kurundikana nyuma ya ukumbi zisichomwe moto. Zile zisizo na rangi wala mikwaruzo zioshwe, zijazwe maji maangavu, yasiyo na tope, zilazwe juu ya bati juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili mfululizo ikiwa kuna mawingu. Miale ya jua huua vijidudu vya kuharisha. Njia hii ilifanyiwa utafiti na wataalamu wa Uswisi na inafaa kwa asiye na kuni wala mkaa wa kuchemshia, ingawa floraidi haiondoi.

Jumapili ya tatu ya mwezi ujao tunarudi katika kigango kile kumalizia semina. Nilimwomba katekista amfikishie mama yule salamu zangu, amwambie kwamba safari hii tunakuja bila katoni. Jibu limerudi: mama anauliza tutakuwa wangapi, apate kujua ateke ndoo ngapi. Tumemjibu kwamba tutakuwa sita, na kwamba vijana wanne wa VIWAWA watatangulia Jumamosi jioni na madumu yao, ili foleni ya usiku waipange wao.